Horn & Hardart: Nyumba Iliyojengwa kwa Senti Tano

Mwaka 1950 kampuni ya migahawa ya Horn & Hardart ilipandisha bei ya kikombe cha kahawa kutoka senti 5 hadi senti 10. Kwa mgahawa mwingine wowote habari hiyo isingetoka hata kwenye kona ya ukurasa wa mwisho wa gazeti. Kwa Horn & Hardart ilikuwa kama msiba wa mtaa. Bei ya senti 5 ilikuwa imekaa palepale tangu kampuni ilipofungua milango yake New York mwaka 1912. Ilivuka vita viwili vya dunia, ikavuka Mdororo Mkuu wa uchumi, ikawapita marais sita na wa saba yuko madarakani. Mkazi wa New York aliyezaliwa mwaka ule wa 1912 alikuwa sasa na umri wa miaka 38, na hakuwahi kuinunua kahawa hiyo kwa bei nyingine.

Ukitaka kujua kwa nini bei hiyo iligoma kusogea kwa muda mrefu hivyo, na kwa nini iliposogea ilijirudufu kwa mkupuo mmoja, usianze na vitabu vya uchumi. Anza na kitundu cha kutumbukiza sarafu.

Mwanzo wake haukuwa na mashine hata moja. Joseph Horn alikuwa kijana wa Philadelphia mwenye dola 1,000 alizopewa na mama yake na hamu ya kuuza chakula. Alitangaza gazetini kwamba anatafuta mshirika. Aliyejibu ni Frank Hardart, mzaliwa wa Bavaria aliyekulia New Orleans na kuanza kazi ya mgahawani akiwa bado mtoto. Husimuliwa kwamba jibu lake lilikuwa maneno machache tu kwenye kipande kilichochanwa kutoka mfuko wa sukari. Tarehe 22 Desemba 1888 walifungua chumba kidogo katika Mtaa wa 13, ng'ambo ya duka kubwa la Wanamaker: viti 15, meza hakuna. Mauzo ya siku ya kwanza yalikuwa dola 7 na senti 25.

Kilichowabeba ni kahawa. Siku hizo migahawa mingi ya Marekani iliichemsha kahawa mpaka ikawa chungu na nzito kama lami. Hardart alikuja na namna ya New Orleans, ambako maji ya moto hupitishwa polepole juu ya kahawa iliyosagwa na kuchujwa. Makarani na wauza duka wa Philadelphia wakaanza kupanga foleni.

Mashine zilitoka Ujerumani. Berlin ilikuwa na mgahawa wa kujihudumia kwa sarafu tangu mwaka 1895, na Horn na Hardart walinunua mitambo yao kwa kampuni ya Quisisana ya huko. Mwezi Juni 1902 walifungua mgahawa wao wa kwanza wa aina hiyo, walioupa jina la Automat, Philadelphia katika nambari 818, Mtaa wa Chestnut. Miaka kumi baadaye, tarehe 2 Julai 1912, wakaingia New York kwa kishindo, pale Times Square penyewe, katika jengo lenye dirisha kubwa la vioo vya rangi usoni. Kufikia hapo fundi wao mkuu, John Fritsche, alikuwa ameshaisanifu upya mitambo ile ya Kijerumani.

Tuingie ndani. Ukutani, kuanzia usawa wa kiuno hadi juu ya kichwa, kuna safu kwa safu za milango midogo ya kioo yenye fremu zinazong'aa. Nyuma ya kila mlango kuna sahani moja: kipande cha pai ya limau, maharage yaliyookwa ndani ya bakuli la udongo, makaroni na jibini, spinachi iliyopikwa kwa krimu, sandwichi. Unatumbukiza nikeli, yaani sarafu ya senti 5, moja au zaidi kadiri ya bei ya chakula. Unazungusha kitasa cha kaure. Mlango unalia "klik" na kuachia, unachukua sahani yako. Kahawa ilitoka kwenye mdomo wa pomboo wa shaba: nikeli moja, zungusha mkono, na kikombe kinajaa kwa kipimo kilekile kila mara. Mhudumu wa mezani hayupo. Bakshishi haipo. Menyu ya Kifaransa ya kumtoa jasho mgeni haipo. Mhamiaji aliyeshuka melini juzi, asiyejua neno hata moja la Kiingereza, aliweza kula vizuri kwa kutazama tu.

Aliyeingia na noti alikwenda kwanza kwenye kibanda kilichokaa katikati ya ukumbi. Humo walikaa wanawake walioitwa warusha nikeli, wenye vifuniko vya mpira kwenye ncha za vidole. Walipokea dola moja, wakachota sarafu bila kuzitazama na kuzirusha juu ya sahani ya marumaru: 20 kamili, hazipungui, hazizidi. Wengi wa waliokuwa watoto wakati huo huwataja wanawake hao kabla ya kutaja chakula, nami naona wana haki. Ufundi wa pekee katika nyumba nzima iliyojinadi kwa mashine ulikuwa mikononi mwao.

Ni vizuri kulisema hili waziwazi, kwa kuwa jina lenyewe, Automat, linamfanya mtu adhani chakula kilijipika. Nyuma ya ukuta ule wa vioo palikuwa na ujia mwembamba, na katika ujia huo wafanyakazi walihangaika kutwa nzima kujaza sahani. Mteja alitoa pai, na kabla hajafika mezani ngoma ya chuma nyuma ya kioo ilikuwa imezungushwa na pai nyingine imewekwa. Vyakula havikupikwa hapo. Vilitoka katika jiko kuu moja kwa kila jiji, vikasafirishwa kwa malori hadi kwenye matawi. Mapishi yote, ukubwa wa kila kipande, na hata mahali pa kuweka tone la mchuzi kwenye sahani viliandikwa katika kitabu cha sheria ambacho mameneja walipaswa kukifuata kama msahafu. Wakubwa wa kampuni walikaa kwenye meza ya kuonja na kula sampuli za vyakula vya matawi yao. Kahawa iliyokaa zaidi ya dakika 20 ilimwagwa.

Kilichosalia hadi jioni hakikutupwa. Kampuni ilikuwa na maduka ya kuuza vyakula vya jana kwa bei ya chini, na familia nyingi zenye kipato kidogo zilikula mikate na pai hizo wiki nzima. Kulikuwa pia na maduka ya kawaida, yaliyoanza mwaka 1924, ya kuwauzia chakula kilichopikwa wanawake waliorudi nyumbani wamechoka. Tangazo lake lilikuwa la moja kwa moja: kumpunguzia mama kazi. Ukilisoma leo utaona jinsi lilivyochukulia kama sheria ya maumbile kwamba jiko ni la mama. Lakini kwa mama wa wakati ule aliyeshinda kazini kiwandani, pai ya kuku iliyokwisha kuokwa haikuwa mjadala.

Miaka ya 1930 ndiyo iliyoifanya Automat kuwa zaidi ya mgahawa. Mamilioni hawakuwa na ajira, na nikeli moja ilitosha kumpa mtu haki ya kuketi mahali penye joto, penye marumaru na vioo, bila kuulizwa ana shughuli gani. Wasio na hata hiyo walibuni mbinu. Walichukua maji ya moto ya chai, wakakoroga na kechapu iliyokuwa mezani bure, wakapata supu ya nyanya. Vipande vya limau vilivyowekwa kwa ajili ya chai ya barafu, ukivitia ndani ya maji na sukari, vilitoa kinywaji cha kutosha. Mameneja waliona na wengi walinyamaza. Mwaka 1932 Irving Berlin alifungua mchezo wake wa kuigiza wa muziki, Face the Music, kwa tukio linalofanyika ndani ya Automat: matajiri waliofilisika wakila humo. Watazamaji walicheka kwa sababu walikuwa wameliona kwa macho.

Mchoraji Edward Hopper aliutangulia mdororo kwa picha yake iitwayo Automat, ya mwaka 1927. Ni mwanamke peke yake usiku, glavu moja mkononi, kikombe mbele yake, na nyuma yake kioo cheusi. Ni picha nzuri sana, na imewadanganya watu wengi. Hopper hakuchora hata mlango mmoja wa kioo wala mteja mwingine. Automat halisi ilikuwa na kelele za sahani, milio ya sarafu, na meza za watu wanne wasiojuana wakisomeana magazeti begani. Karani, mwigizaji asiye na kazi, mwanasheria na mpiga rangi viatu waliketi meza moja kwa sababu hapakuwa na meza nyingine. Kampuni hutajwa mara nyingi kwamba katika enzi zake za juu ililisha watu karibu 800,000 kwa siku katika miji yake miwili. Umati wa namna hiyo haupatikani kwa wapweke pekee.

Kisha vita. Kuanzia Novemba 1942 hadi Julai 1943 serikali iliiweka kahawa ya nyumbani chini ya mgao: ratili moja kwa mtu mzima kwa wiki tano. Lakini kisa ninachokipenda zaidi cha miaka hiyo kinahusu sarafu yenyewe. Jeshi lilihitaji madini ya nikeli, kwa hiyo kuanzia mwaka 1942 hadi 1945 sarafu ya senti 5 ilitengenezwa bila nikeli, kwa shaba, fedha asilimia 35, na manganizi. Mchanganyiko huo ulipangwa kwa makusudi ili sarafu mpya iendelee kukubaliwa na mashine za kuuzia vitu nchi nzima. Ukubwa, uzito na tabia yake ndani ya mtambo vililindwa. Fikiria hilo: taifa liko vitani pande mbili za dunia, na wataalamu wa hazina wanakaa kuhakikisha kitundu cha sarafu hakitashtuka. Wakati huo nikeli ndiyo iliyokuwa ufunguo wa maisha ya mjini. Nikeli moja ilikuingiza kwenye treni ya chini ya ardhi ya New York. Nikeli moja ilikupa simu ya kibandani. Nikeli moja ilinunua chupa ya Coca-Cola. Nikeli moja ilikuvusha kwa kivuko hadi Staten Island. Na nikeli moja ilikupa kahawa ya pomboo.

Mtu wa Pwani yetu anayekaa barazani na kikombe cha kahawa chungu anaelewa haraka: bei ya kikombe ikishazoeleka, wateja huihesabu kuwa mali yao, na muuzaji anayeigusa huonekana kama amewaibia.

Udhibiti wa bei wa wakati wa vita ulipoondolewa mwaka 1946, vitu vyote vilipanda kwa kasi. Treni ya New York iliiacha nikeli mwaka 1948 na kutoza senti 10. Vibanda vya simu vya jiji hilo vilifuata mapema miaka ya 1950. Kwa jumla bei za Marekani zilikuwa zimepanda zaidi ya mara mbili tangu 1912, maana yake nikeli ya mwaka 1950 ilinunua kile ambacho senti 2 zilinunua Automat ya Times Square ilipofunguliwa. Kahawa mbichi ya Amerika ya Kusini ilikuwa inapanda pia. Kila kikombe kilichotoka kwenye mdomo wa pomboo kilikuwa hasara.

Mfanyabiashara mwingine angepandisha hadi senti 6, mwakani 7, na mteja asingegutuka. Horn & Hardart hawakuweza. Mitambo yao ilijua sarafu moja tu. Kati ya nikeli moja na nikeli mbili hapakuwa na kituo. Kwa hiyo walivumilia mpaka wakashindwa, kisha wakapandisha kwa asilimia 100. Mwaka huohuo wa 1950 kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu kilikuwa kimepanda hadi senti 75 kwa saa. Mfanyakazi aliyelindwa na sheria hiyo alikuwa akiipata kahawa yake kwa dakika 4 za kazi, na sasa ilimlazimu afanye kazi dakika 8. Hesabu inaonyesha kwamba bei mpya ilikuwa ya haki, pengine hata ya huruma. Wateja hawakuja na hesabu. Walihisi wamevunjiwa ahadi, na wengi hawakurudi.

Kwa maoni yangu hapo ndipo taasisi hii ilipoanza kufa, ingawa ilichukua miaka 41 kuzikwa. Ile mashine iliyokuwa fahari yake ndiyo iliyoifunga mikono. Ilipogharimu senti 25, 50, 75 kula, mteja alisimama mbele ya mlango wa kioo akitumbukiza sarafu moja baada ya nyingine kama mtu anayelipa faini.

Lakini muongo wa 1950 haukuwa wa huzuni tupu. Siku za Jumapili asubuhi kampuni ilidhamini kipindi cha watoto wenye vipaji, kilichoanza redioni Philadelphia mwaka 1927 na baadaye kikaingia kwenye televisheni. Stan Lee Broza alikiongoza Philadelphia, na Ed Herlihy aliongoza toleo la New York. Ndugu wawili wa familia ya Nicholas, wacheza dansi Weusi waliokuja kuishangaza Hollywood, walipita hapo wakiwa wadogo; Frankie Avalon na Bernadette Peters pia. Familia zilisikiliza watoto wakiimba, na kati ya nyimbo zilisikia habari za pai. Mwaka 1960 mchekeshaji Jack Benny, aliyejitengenezea jina kwa kuigiza ubahili, aliwaalika watu mashuhuri karamuni ndani ya Automat wakiwa wamevaa suti rasmi za usiku. Mlangoni alimkabidhi kila mgeni fungu la nikeli.

Mwaka huohuo, tarehe 1 Februari, wanafunzi wanne Weusi waliketi kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth mjini Greensboro, North Carolina, wakakataa kuondoka baada ya kunyimwa huduma. Tukio hilo linafaa kukumbukwa sambamba na historia ya Automat. Hata kaskazini, ambako ubaguzi mgahawani ulipigwa marufuku na sheria za majimbo kadhaa, palikuwa na njia za kumfanya mteja Mweusi ajute kuja: kumkalisha kando ya mlango wa jikoni, kumsahau, kumletea chakula kilichopoa. Ukuta wa vioo haukuwa na uwezo huo. Nikeli ikiingia, mlango ulifunguka kwa yeyote. Colin Powell, mtoto wa wahamiaji kutoka Jamaika aliyekulia Bronx na baadaye akawa waziri wa mambo ya nje, alisimulia uzeeni furaha ya familia yake kwenda huko. Wilson Goode, meya wa kwanza Mweusi wa Philadelphia, naye alikuwa na kumbukumbu zake. Sitaki kuigeuza kampuni ya chakula kuwa chama cha haki za raia, haikuwa hivyo. Ilitaka nikeli za watu wote, na ilijenga chumba cha kuzipokea. Katika nchi ile, miaka ile, hilo lilitosha kuwa jambo.

Kilichoimaliza kilitokea mbali na jiko lake. Baada ya vita familia zilihama mijini na kwenda vitongojini, kwenye nyumba mpya kama zile za Levittown, Long Island. Sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956 ikaongeza kasi hiyo. Mwaka 1950 chini ya kaya 1 kati ya 10 ilikuwa na televisheni. Mwaka 1960 zilikuwa karibu 9 kati ya 10, na watu waliokuwa wakishuka mjini jioni kutazama filamu na kula pai wakabaki sebuleni. Automat iliishi kwa umati wa asubuhi, mchana na usiku. Ilipobaki na mchana peke yake, marumaru na malori vilikuwa mzigo. Hata kampuni ilipopunguza gharama ilijiumiza, maana chakula kikaanza kufanana na cha wengine.

Kila jiji lilikuwa na kampuni yake, na ile ya Philadelphia ilifilisika mapema miaka ya 1970. Ile ya New York ilikuwa na mbinu ya kikatili zaidi: kwenye viwanja vyake vizuri iling'oa mashine na kufungua migahawa ya Burger King kwa leseni. Wateja wa zamani walipita wakakuta jengo walilolijua likiuza hambaga, mmiliki akiwa yuleyule. Automat ya mwisho ilibaki kwenye kona ya Mtaa wa 42 na Third Avenue, ikitumia vidude vya chuma badala ya sarafu halisi, na kukodishwa kwa sherehe za usiku. Ilifungwa tarehe 9 Aprili 1991.

Kipande cha ukuta wa Automat ya Philadelphia, vioo na vitasa vyake, kilichukuliwa na makumbusho ya Smithsonian jijini Washington. Mwaka 2021 Lisa Hurwitz alitoa filamu yake ya kumbukumbu, The Automat, ambamo Powell, jaji Ruth Bader Ginsburg na mchekeshaji Mel Brooks wanazungumzia walichokula. Kampuni ya New York yenyewe haikufungwa siku ile ya 1991. Tangu miaka ya 1970 ilikuwa imenunua biashara ya kuuza bidhaa kwa katalogi na posta, na mwaka 1993 ilibadilisha jina ikaitwa Hanover Direct. Iliendelea kuuza mashuka na vyombo vya nyumbani kwa wateja ambao wengi wao hawakujua kamwe kwamba muuzaji wao aliwahi kuuza kahawa.